Kamba ya M'Rukunga na Kuba la Ruiri

Juzi kijana mmoja anayejenga hosteli pale Nchiru, huku kwetu kwa Wameru, alinionyesha kwenye simu yake mashine inayojenga nyumba. Ina mdomo kama wa bomba. Inazunguka ikimwaga simiti laini, mstari juu ya mstari, kama mtu anayekamua dawa ya meno. Fundi hayupo. Kuna mtu mmoja tu kando na kompyuta, amevaa viatu safi.

"Mzee, ungeona hii ukiwa kijana, ungetupa mwiko," aliniambia.

Nilimwambia kwamba mimi nimejenga paa bila mbao, bila nondo na bila mabati, kwa udongo wa palepale, na watoto wanasoma chini yake hadi leo. Alinitazama jinsi mnavyotutazama mkidhani umri umeanza kutuchanganya. Ndiyo maana ninawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii. Mdomo wangu haujawahi kuwa mwepesi, na kalamu pia ni nzito kwa sababu niliishia darasa la saba. Mtanivumilia.

Nianze na udongo, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnakosea. Tofali la intaloki, lile la udongo linalokandamizwa na kushikana na mwenzake, halitaki udongo wa juu. Utoe udongo wa shamba, ule mweusi wenye mizizi, uuweke kando, uchimbe hadi ufikie ule mwekundu. Chota mkononi, ulainishe kwa maji kidogo, ufinye uwe kama tonge, halafu uliachilie kutoka kifuani lianguke chini. Likipasuka vipande vinne au vitano, changanya simiti uendelee. Likilala chini kama kinyesi cha ng'ombe, maji ni mengi. Likigeuka vumbi, maji ni machache. Kipimo hicho hakihitaji kompyuta, lakini kinahitaji uiname.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza na mashine ya kukandamiza matofali ilikuwa Muthara, nyumba ya mwalimu mmoja. Nilikuwa na haraka, nikachimba palipokuwa rahisi, kwenye shamba lake alilokuwa amevuna juzi. Ukuta ukasimama vizuri, umenyooka, kila mtu akasifu. Mvua iliponyesha wiki mbili mfululizo, ukaanza kuota maharagwe. Yalitoka kwenye viungo na kwenye uso wa matofali yenyewe, majani mawili mawili, mabichi kabisa.

Mwalimu aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba na kikombe cha chai.

"Mwiti," akasema, "nilikuambia unijengee nyumba ama shamba la kusimama?"

Nilianza kung'oa mche mmoja mmoja.

"Wacha, wacha! Usiguse hiyo ya dirishani. Mama watoto amesema hiyo ataweka kijiti ipande."

Ule ukuta wa upande wa mvua niliujenga upya kwa udongo mwekundu. Mke wake alilalamika kwamba nimemharibia mboga.

Sasa nirudi Ruiri. Wamama wa kikundi kimoja cha pale walitaka darasa la nasari. Watoto wao walikuwa wanasomea kwenye kibanda cha mabati, na upepo wa Ruiri mnaujua. Mabati yaling'oka mara mbili, na mara ya pili moja likapita juu ya vichwa vya watoto na kuanguka katika boma la jirani. Hakuna aliyeumia, lakini wamama waliapa kwamba hawataki mabati tena. Ndipo akaja Madam Wawira.

Madam Wawira alikuwa msanifu wa majengo, msichana kutoka Embu, mwembamba, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Aliwachorea wamama darasa la duara lenye ukuta wa mawe, na juu yake kuba la matofali ya udongo. Aliwaambia kwamba upepo hauna pembe ya kushika kwenye kitu cha mviringo, unapita tu. Wamama walipokezana ile picha. Kisha mwenyekiti wao, Mama Kananu, akasema, "Hii ni nyungu imefunikwa."

"Ndiyo, mama. Nyungu."

"Na nyungu ikipasuka?"

"Tukiijenga sawasawa haitapasuka."

"Haya. Lakini ujue watakaokuwa ndani ni watoto wetu."

Maneno hayo sikuyasahau, ingawa wakati huo nilikuwa nimejificha nyuma ya rundo la mawe nikijifanya napanga zana. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu na bado sikuweza kusimama mbele ya wamama kumi na kusema jina langu.

Kuba linajengwa hivi. Katikati ya sakafu unasimika kigingi cha chuma. Kwenye kigingi unafunga kitu chenye urefu mmoja kamili, na kila tofali unalopanga linaguswa na ncha ya kitu hicho. Likiguswa, liko mahali pake. Unapanga matofali kuzunguka ukuta mpaka mduara ukutane. Sisi tuliuita mzingo. Mzingo ukishafungwa unajishikilia wenyewe, tofali linasukuma tofali mwenzake, na hakuna linaloweza kuanguka ndani. Kisha unapanda mzingo wa juu yake, mdogo zaidi na ulioinama zaidi, hadi mwisho pale juu unabaki na tundu la matofali machache. Siri yote iko kwenye ule urefu. Usipokuwa mmoja, kuba linakuwa na nundu, na nundu ndipo uzito unapotafuta njia ya kutoka.

Madam Wawira alisema wazi kwamba tutumie bomba jembamba la chuma ama waya wa fensi. Nilimsikia. Hata niliuandika ule ujumbe nyuma ya mchoro.

Lakini Mzee M'Rukunga alikuwepo.

M'Rukunga ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye mwenyewe alianza ujana wake akijenga nyumba za duara za udongo na paa la nyasi, zile ambazo wengi wenu mmeziona tu kwenye picha. Alikuwa na kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, yenye mafundo mahali palipojulikana naye. Ukimwita kujenga, anasimika kijiti, anafunga kamba, anazunguka mara moja akikwaruza ardhi, na duara lake halikuwa na kosa. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuishika ile kamba. Magoti yake yalipochoka, akanipa mimi. Hakusema neno lolote refu. Alisema, "Shika. Usiitumie kufunga mbwa."

Pale Ruiri alikuwa anakuja kila siku, anageuza ndoo yake juu chini, anaikalia, anatazama. Kikundi kilimheshimu, na mafundi wote tulimwita mzee wa saiti. Siku tuliyochora duara la msingi nilitumia kamba yake, na likatoka kama limechapwa. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipofika kwenye kuba, nikalitazama lile bomba la Madam lililokuwa limelala ukutani, nikamtazama mzee kwenye ndoo, nikafunga kamba kwenye kigingi. Sikuulizwa na mtu. Nilijichagulia mwenyewe.

Kwa kuwa kigingi ni kimoja na kamba ni moja, fundi mmoja tu anaweza kupanga kwa wakati. Mimi nilikuwa naanza mlangoni asubuhi na kujenga nusu ya kushoto. Baada ya chakula cha mchana Njeru alikuwa anashika nusu ya kulia mpaka tukutane nyuma na mlangoni. Njeru alikuwa fundi kutoka upande wa Embu, mwenye mdomo mwepesi kama wangu ulivyo mzito. Mizingo sita ya kwanza tuliimaliza kwa jua kali, ikakaa vizuri. Halafu ukaja ule msimu ambao mlima hauonekani, ukungu unashuka hadi Ruiri, na asubuhi kila kitu kimelowa kama kimefuliwa. Kufika saa sita jua linatoka na upepo unakausha hata ulimi.

Mzingo wa saba ulipofika pa kukutana, haukukutana. Tofali langu la mwisho lilikuwa ndani, la Njeru lilikuwa nje, upana wa kidole.

"Bosi, umepanga ukiwa na njaa," Njeru akaniambia.

"Ni wewe umetoka nje."

"Mimi nimefuata kamba."

"Hata mimi."

Tulijaza na udongo, tukasugua, ikawa haionekani. Hapo ndipo kosa la pili. Kosa lililofichwa kwa udongo linakauka likiwa hapo hapo.

Wa nane ulikuwa hivyo hivyo. Wa tisa, vidole viwili. Daima langu ndani, la Njeru nje. Mafundi wakaanza utani.

"Njeru, hayo majani yenu ya muguka yanapinda macho. Ungetafuna miraa yetu, ungeona njia iliyonyooka."

"Miraa ndiyo inawafanya mjenge haraka halafu mbomoe," Njeru akajibu, na kila mtu akacheka. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba tutabomoa kweli.

Lakini M'Rukunga hakucheka. Alisema kutoka kwenye ndoo, "Mkono wa huyu unasukuma nje. Mkono kama huo haufai duara. Mwiti, tafuta mwingine."

Njeru alinyamaza siku hiyo nzima. Alikuwa na watoto wanne, na kazi nyingine karibu haikuwepo.

Asubuhi ya mzingo wa kumi na moja nilifika mapema kabla ya wengine. Kamba ilikuwa imelala usiku kucha sakafuni, bado imefungwa kwenye kigingi, imejaa umande. Sijui ni nini kilinifanya nichukue tepu ya chuma. Nilipima kutoka kigingi hadi fundo la mwisho: mita mbili na sentimita tisini na nne. Fundo lile lilitakiwa kuwa mita tatu. Nilidhani nimekosea, nikapima tena. Saa tisa, Njeru alipoenda kunywa maji, nikapima mara ya tatu. Mita mbili na sentimita tisini na tisa.

Katani ikilowa inavimba na kujivuta, inafupika. Ikikauka inajiachilia. Mimi nilikuwa najenga na kamba fupi ya asubuhi, Njeru anajenga na kamba ndefu ya mchana. Mikono yetu sote wawili ilikuwa sawa.

Kando yangu kulikuwa na tofali lililotoka kwenye mashine sasa hivi, bado bichi. Nikachukua msumari nikaandika juu yake: ASUB 2.94. SAA TISA 2.99. Nikaliweka kivulini likauke, nikalifunika kwa jani la mgomba. Halafu nikarudi kazini.

Nataka msome hapa polepole. Nilirudi kazini. Nilijenga mzingo wa kumi na mbili, na wa kumi na tatu, kwa kamba ileile, nikijua. Kila nilipotaka kusema, nilimwona mzee kwenye ndoo yake, nikajiambia nitasema kesho, ama nitasema tukiwa wawili, ama labda jua litaendelea na tofauti itapotea. Kuba lilikuwa linainama sasa, matofali yanategemeana kweli kweli, na nusu ya kushoto ilikuwa imejikunja kuliko ya kulia. Mtu ambaye hajui asingeona. Mimi niliona kila nilipoinua macho.

Madam Wawira alifika siku iliyofuata. Alisimama katikati, akainua kichwa, akazunguka taratibu. Akalichukua lile bomba lake ukutani, akapuliza vumbi.

"Hii haijatumika," akasema.

Nikainamia udongo wangu nikaendelea kuukoroga.

"Nani amejenga huku kulia?"

"Ni mimi, Madam," Njeru akasema.

M'Rukunga akaingilia. "Nilishasema. Mkono wake unasukuma nje. Mwenye kosa ndiye huyo, na leo aende."

"Madam, mimi nafuata kamba. Naapa. Naweka ncha kwa kila tofali."

"Kila mtu hufuata kamba," mzee akasema. "Kamba haina shida. Imejenga nyumba kabla baba yako hajaoa."

Njeru akanitazama. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake na udongo mbichi juu yake.

Nilitoka nje, nikaenda kwenye kivuli, nikatoa jani la mgomba, nikabeba lile tofali kwa mikono miwili, nikaja nikaliweka miguuni pa Madam Wawira. Aliinama akasoma kwa sauti. Mafundi wakakaribia. Wamama waliokuwa wanamwaga maji kwenye pipa nao wakaja.

"Hii ni nini, Mwiti?"

"Ni kamba," nikasema. Hilo ndilo neno pekee lililotoka.

M'Rukunga hakujua kusoma. Aliuliza, "Ameandika nini?" Akaelezwa. Sikuthubutu kumwangalia. Kisha nikasikia magoti yake yakilia anapoinuka. Aliigeuza ile ndoo aliyokuwa amekalia, akaelekea kwenye pipa la wamama, akachota maji. Alifungua kamba kwenye kigingi yeye mwenyewe. Ilikuwa mchana, imekauka. Akaniambia nishike mwisho mmoja kwenye kigingi, akavuta mwingine, akaweka alama sakafuni kwa chokaa pale fundo lilipofika. Halafu akaitumbukiza yote ndani ya ndoo, akaikandamiza kwa mkono, na sisi tukasimama pale kama watu waliokuja mazishini. Ilichukua muda mrefu. Hata Njeru hakufanya mzaha.

Alipoitoa, tukavuta tena. Fundo halikufika kwenye alama. Lilibakiza upana wa vidole vitatu.

Mzee alivuta zaidi. Halikufika.

"Sawa," akasema. Akaizungusha kamba mkononi, maji yakidondoka. "Nyumba moja, nilikuwa naitumia nusu saa, asubuhi, imekwisha. Nyinyi mumeipa kazi ya mwezi mzima." Kisha akamgeukia Njeru. "Wewe, mkono wako ni mzuri. Nimekosa."

Madam Wawira alisema tunabomoa kuanzia mzingo wa saba. Hapo Mama Kananu akaweka mtungi chini.

"Madam, haya maji tumeyabeba kwa migongo. Mizingo saba?"

"Saba, mama."

"Ingeanguka?"

"Sijui."

"Ingeanguka lini?"

"Ndiyo hiyo sijui, mama. Ingeweza kukaa miaka kumi."

Mama Kananu aliinua uso akatazama lile tundu la juu, na mbingu iliyokuwa inaonekana pale. Kisha akafunga leso yake vizuri kiunoni. "Mwiti," akaniita, na lilikuwa jambo la kwanza aliloniambia tangu kazi ianze, "panda uniteremshie tofali la kwanza. Polepole, usilivunje. Hatufyatui mengine."

Wamama walisimama kwa mstari, matofali yakashuka mkono kwa mkono. Tuliyakwaruza udongo, tukayapanga chini. Yaliyovunjika hayakufika ishirini. Tulijenga upya kwa bomba la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye kigingi, linalozunguka na kuinuka, na kila mzingo ulikutana kama vidole vya mikono miwili. Lile tofali lenye maandishi tulilipachika kwenye ukuta wa mawe, na Madam alikataa lipigwe plasta. Liko upande wa kulia ukiingia, usawa wa kiuno. Watoto wa nasari wamelipapasa hadi namba zimeanza kufutika.

Nimejenga mambo mengi ya ajabu baada ya hapo. Embu nilijenga nyumba ya paneli zenye povu katikati, ukuta mzima unabebwa na watu wawili kama mlango. Mama wa mwenye nyumba aliugonga kwa fimbo, ukalia tupu, akakataa kulala ndani mpaka tulipomwegemeza mwanawe kwenye ukuta na wanaume watatu wakamsukuma. Nimejenga ukuta wa chupa. Mambo mapya hayanitishi. Kila moja lilikuwa na kamba yake mahali fulani, kitu ambacho kila mtu anakiamini kwa sababu kilifanya kazi vizuri kwenye kazi nyingine.

M'Rukunga aliichukua kamba yake akarudi nayo nyumbani. Alinikataza kufungia mbwa, lakini mwenyewe alifungia mbuzi. Jirani yake alikuja kunilalamikia: asubuhi mbuzi hafikii sukuma wiki zake, saa tisa anafikia. "Mwambie mzee wako aongeze fundo," akasema. Nilimpelekea mzee ujumbe. Alicheka hadi akashika magoti.

Njeru nilimtembelea mwaka huu. Amestaafu pia, ana ng'ombe wawili na mdomo uleule. Tulikuwa tunakunywa uji, nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza.

"Siku zile Ruiri, hukujua kabisa ni kamba?"

"Nilijua mzingo wa nane."

Niliweka kikombe chini. "Na ukanyamaza?"

"Mimi ni mtu wa Embu, niko saiti ya Wameru, niseme kamba ya mzee wenu inadanganya? Ningelala wapi?" Akakoroga uji wake. "Halafu nikakuona siku ile na tepu. Nikasema, afadhali, bosi amejua. Sasa ni kungoja tu aseme."

Alikunywa, akapangusa mdomo.

"Ulichukua mizingo miwili, Mwiti. Mimi nilikuwa nahesabu."